Wa Kwanza Kufika Ndiye Kambale

Komanda aliita "Kambale!" na mimi nikapiga hatua mbele. Hilo ndilo jambo ambalo ningelikataa kama ningerudishiwa asubuhi ile ya Beni, na kulikataa kulikuwa rahisi: ningebaki nilipokuwa, visigino pamoja, macho mbele, kama wenzangu. Hakuna aliyenishika mkono wala kunisukuma. Tulikuwa tumepangwa mistari kwenye uwanja wa kambi, jua likitupiga utosini, wakubwa wa rebellion, yaani uasi wetu, wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, na komanda wetu ameegemea fimbo, paja lake limefungwa bandeji. Alikuwa amekwisha kuwaeleza wakubwa namna Kambale alivyobaki kwenye daraja la magogo, namna alivyowavusha wenzake huku risasi zikikata majani juu ya vichwa vyao. Kisha akaita. Kambale mwenye sifa zile hakuwapo uwanjani. Tulimwacha ng'ambo ya mto, na kila mtu aliamini amekufa. Mimi pia ni Kambale. Nikaenda.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Masika hapa Butembo. Alikuwa mama yake rafiki yangu Mbusa, na mwaka ninaousimulia nilikula kwake kila nilipopata ruhusa. Kwenye kilio walinitoa nyuma nilikojificha wakanikalisha mbele, pamoja na mapadri na wafanyabiashara, na kijana mmoja mwenye mikrofoni akapaza sauti: "Tuko naye hapa papa Kambale, ule wa daraja! Mumupigie makofi!" Watu wakapiga makofi mbele ya jeneza. Nilimchukia kijana yule, nikavichukia viti vile, nikawachukia waliopiga makofi, na zaidi nilimchukia mzee wa mguu mmoja aliyeinua mkono kuwashukuru, ambaye ni mimi. Walinipa mikrofoni. Nilisema kwamba sombe ya marehemu, kisamvu chake, haikuwa na mfano, nikairudisha. Kavira, binti wa marehemu, alikuwa amekaa karibu na jeneza na wajukuu wake. Aliniangalia mara moja, kisha akarekebisha kitenge kichwani. Kwa ajili ya kimya changu cha siku ile naandika haya.

Msomaji asiye wa kwetu lazima ajue jambo moja kuhusu majina. Sisi Wanande mtoto hupata jina kwa zamu aliyozaliwa nayo. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea mpaka Mbusa na Ndungo. Hivyo ukisimama sokoni Butembo ukaita Kambale, utajibiwa kutoka kila kibanda. Sisi hatuoni ajabu, kila mtu ana jina la ubatizo na jina la utani la kumtofautisha. Lakini komanda wetu alitoka Equateur, alikuwa mtu wa Lingala, na aliletwa kwetu baada ya aliyemtangulia kufa kwa malaria. Siku yake ya kwanza aliita Kambale mmoja amletee maji ya kunawa. Tukasimama watu wengi. "Nzambe na ngai!" akapiga kelele akimtaja Mungu wake. "Mama moja njo alizaa hii jeshi yote?" Tukacheka. Yeye hakucheka. Mmoja wetu akajaribu kumweleza majina ya utani, akamkatiza: "Hapa haiko bar. Mimi sitajifunza bintu bya kitoto. Nikiita Kambale, ule wa kwanza kufika njo Kambale yangu. Wengine bakae chini." Ikawa sheria. Kama kazi ilikuwa ya kubeba kuni, akina Kambale wote walikuwa viziwi. Kama ilikuwa ya kumwonjea komanda kasiksi, pombe yetu ya ndizi, tulikanyagana.

Mimi wenzangu waliniita Diplôme, kwa sababu nilimaliza sekondari nikafundisha shule ya msingi mpaka vita ilipoifunga. Nilikuwa na umri ambao wenzangu wengi walikwisha oa. Nilipewa kubeba phonie, ile redio ndogo ya mkononi ya kusemezana na komanda, kwa kuwa nilijua Kifaransa. Kambale mwingine, ambaye ndiye hasa mtu wa kisa hiki, aliitwa Makala. Alikuwa amechoma makala upande wa Kalunguta kabla ya vita, na vidole vyake havikutakata kamwe. Sitaki mtu afikiri kwamba alikuwa mtu mwema. Alikula haraka kisha akaingiza mkono katika sahani ya jirani. Aliwapiga askari wapya bila sababu. Padri alipokuja kutubariki, Makala alikohoa mpaka baraka ikaisha. Kila alipokwenda chooni alipita mbele yangu: "Diplôme, nipatie ile karatasi yako ya masomo. Iko na kazi huku." Watu wote wakicheka. Komanda alipojua kwamba tunaitwa jina moja na kwamba tunachukiana, akafurahi, akatufundisha neno la Kilingala, ndoyi, yaani mtu wa jina lako. Kwao ndoyi ni kama ndugu, mnagawana hata shati. "Bandoyi bangu bawili," alikuwa akisema, "mupeane mikono." Tulipeana, na Makala alinibana vidole mpaka nikapiga goti.

Nami nilimlipa. Siku moja nilimkuta amelala kwenye zamu ya ulinzi, mdomo wazi, bunduki imeanguka kando. Ningeweza kumwamsha kwa teke. Nilikwenda kwa komanda nikamweleza kwa Kifaransa kizuri, sentensi kamili, na nikabaki pale kuangalia fimbo zikimshukia. Kosa lilikuwa la kweli. Furaha niliyokuwa nayo haikuwa na uhusiano wowote na kosa. Makala alipovaa shati lake alinikaribia, akasema polepole, "Ndoyi, nimesikia. Nitakumbuka."

Adui wetu walitoka kaskazini, upande wa Mambasa, waasi kama sisi waliokuwa na wakubwa wengine. Walitukuta msituni, mbele kabisa ya Oicha, asubuhi tukichemsha maharage. Sitasimulia mapigano yote kwa sababu sikuyaona. Niliona matope. Komanda alipigwa risasi ya paja mwanzoni kabisa, wakamchukua juu ya machela, wakavuka naye daraja na kwenda mbio kuelekea barabara. Sisi wengine tulijikuta tumesongamana kwenye ukingo wa mto kama ng'ombe mbele ya lango, kila mtu akitaka kuyakanyaga magogo yale wa kwanza, na adui akitupiga mgongoni. Mimi nilianguka kifudifudi chini ya mzizi, phonie kifuani, na kwa hofu vidole vyangu vikakaza kile kitufe cha kusemea na havikuweza kukiachia. Nililia. Sijui nilisema nini. Lakini kwa kuwa kitufe kilikuwa kimekazwa, komanda akiwa juu ya machela alisikia kila kitu kilichosemwa karibu yangu. Na aliyekuwa akisema karibu yangu alikuwa Makala.

Alikuwa amechukua ile bunduki kubwa ya mkanda kutoka kwa aliyeuawa. Alisimama. Naam, alisimama wima, katikati ya watu waliolala na watu waliokimbia, akawachapa kwa ubapa wa panga wale waliong'ang'ania daraja. "Lala chini, mbuzi weye! Lala! Mutavuka bawili bawili. Mutu akikimbia bila mimi kumuita, namupiga mwenyewe, kabla adui hajamupiga!" Alipiga risasi kidogo, akanyamaza, akahama, akapiga tena kutoka mahali pengine, hata adui akadhani tuko wengi na tumejipanga. Alituita kwa majina na kwa matusi ya mama zetu. Majeruhi aliwavusha kwanza. Kijana mmoja alimwuliza akilia kama watakufa, akajibu, "Weye? Weye huna kazi ata kwa shetani. Vuka!" na kijana yule akacheka, akavuka. Nimesoma vitabu kadhaa tangu wakati ule na nimesikia hotuba nyingi juu ya ushujaa. Mimi niliuona mara ile tu, nikiwa na matope puani, na ulikuwa na sura ya mtu niliyemchukia. Mwisho aliniona chini ya mzizi. Akanishika ukosi, akaniinua. "Ndoyi, simama. Vuka. Waambie Kambale anabaki hapa." Nilivuka. Nikawaambia, na phonie ikawaambia pia: Kambale anabaki. Nyuma yangu bunduki iliendelea kwa muda mrefu, halafu ikanyamaza, na msitu ule upande wa pili ukawa wa adui.

Hivyo komanda hakudanganya. Alikuwa amesikia jina Kambale, amelisikia kutoka phonie ya Kambale, na Kambale wa phonie alikuwa mimi; katika mikwaruzo ya redio sauti zote hufanana. Alipoita uwanjani, walioona ukweli walikuwepo pande zangu zote mbili. Nilisikia mmoja akivuta pumzi. Lakini nani angemwambia komanda mbele ya wakubwa wake kwamba amekosea? Nikavishwa nyota begani. Kikosi kikapewa mbuzi, na jioni, tulipokuwa tukimla, niliwasikia wawili nyuma ya jiko wakiongea bila kujua kwamba nachota maji karibu. Mmoja alisema: "Lakini hii haiko sawa. Ule wa kweli anaoza kule." Mwenzake akajibu, mdomo umejaa: "Wa kwanza kufika. Kambale ni Kambale. Acha tukule." Nilirudi na maji yangu. Walinisogezea ini, sehemu ya mkubwa, nami nikalila.

Nilipewa ruhusa ya siku chache nikapanda lori kwenda Butembo. Sifa zilinitangulia. Baridi ilikuwa ileile, vumbi jekundu lilelile, lakini watoto wa mtaa walinisindikiza mpaka mlangoni kwa Mama Masika. Chumba alichonipa kilikuwa nyuma ya duka lake la sabuni na samaki wa chumvi, kimetengwa na jiko kwa mbao tu, na godoro lilikuwa na harufu ya vyote viwili. Alinipikia kuku, sombe iliyotwangwa kwa mafuta ya mawese, na bugali laini ya muhogo. Kavira alininawisha mikono. Nilikuwa nimemtaka Kavira tangu nikifundisha, na sikuwahi kusema, kwa sababu mwalimu wa shule iliyofungwa hana la kusema kwa binti wa mwenye duka. Siku ile alipomimina maji alisema, bila kuinua macho, "Banasema haukuogopa." Nikasema, "Mutu anaogopa baadaye." Uongo ule niliutengeneza hapohapo, nami niliona jinsi ulivyoingia vizuri.

Baada ya chakula nililala mchana, na kupitia mbao nikawasikia jikoni. Mama Masika alikuwa akisema na Mbusa. Mbusa alikuwa mwanajeshi pia, lakini kazi yake ilikuwa ghalani Beni, kugawa magunia ya unga na maharage. Hakuwa amesikia risasi isipokuwa za harusi. "Ghala haiko kazi ya mwanaume," Mbusa alisema. "Batu banauliza, weye ulipigana wapi? Najibu nini, mama? Kwa maharage?" Nilisikia mwiko ukikwangua sufuria. "Kama ni komanda mwingine, ningekatala," mama akasema. "Mais kama unaenda chini ya Kambale, nitalala usingizi. Ule mutu alibaki nyuma kwa ajili ya batoto ya wengine. Weye hatakuacha." Kavira akacheka: "Yaya Mbusa, utamubebea begi tu." Nilikuwa nimelala chali, macho kwenye dari ya mabati. Ilitosha kuinuka, kuzunguka ubao ule, na kusema maneno machache. Niliyapanga kichwani, moja baada ya jingine, na yote yalianza na aibu yangu na kuishia na Kavira akiondoa sahani. Jioni Mbusa aliniomba mwenyewe, akiwa ameketi kwenye gunia la chumvi, mtu mkubwa mwenye mashavu ya mtoto. "Chef, unichukue." Alizoea kuniita Kambale. Ile chef, yaani mkubwa, ilinipendeza. Nikamwambia aje: "Kuya. Kwangu utakuwa salama."

Nilikuwa nimekwisha kurudi kambini Beni, Mbusa pamoja nami, Makala alipotokea. Ilikuwa saa ya chakula. Alipita langoni bila viatu, ndevu zimeota ovyo, mkono mmoja umefungwa kwa gome la mti, na hakuwa na bunduki. Watu waliacha kutafuna. Alitembea moja kwa moja mpaka mbele yangu, akaitazama nyota begani, akaigusa kwa kidole chake cheusi. "Ndoyi," akasema, "nasikia tulipigana vizuri."

Nilimpeleka nyuma ya ghala. Nilimwambia nitakwenda kwa komanda, nitasema ukweli leo hii. Sijui kama ningekwenda. Makala alichuchumaa, akala maharage yangu yote kabla ya kujibu. "Utasema nini? Kama mimi njo nilibaki, batauliza, bunduki iko wapi? Wiki ngapi ulikuwa wapi? Batasema nilikimbia kwa adui nikarudi kupeleleza. Komanda anataka shujaa moja tu, na tayari anaye." Akalamba kidole. "Basi utasema ulinituma. Kazi ya siri, ya kuangalia adui. Mutu mukubwa kama weye, batakuamini." Nikakubali haraka mno. Nikamwuliza anataka nini zaidi. Alinitazama kwa chuki safi, chuki isiyo na haraka. "Hakuna. Nataka kuwa chini yako. Nataka kuwa karibu siku ile bataita Kambale tena, nione nani anafika wa kwanza."

Tangu hapo aliniadhimisha mpaka ikawa mateso. Alinipigia saluti nikitoka chooni. Alisema "Oui, chef" kwa sauti ya kwaya. Askari wapya waliniuliza kwa nini nisimwadhibu; wale wa zamani walitazama viatu vyao. Mbusa alimchukia kwa niaba yangu. "Ule mutu wa makala anakuonea wivu," aliniambia tukila chakula kimoja katika sahani moja. "Niruhusu nimupige." Nilimkataza. Makala naye alimwita Mbusa "bibi ya chef", akamwibia sabuni, akamfundisha, kwa matusi, namna ya kufungua bunduki iliyokwama. Nilipomwona akimfundisha nilikasirika zaidi kuliko nilipomwona akimwibia. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu mwaka ule: maharage, mvua ya Beni inayonuka kakao iliyochacha, na watu wawili wa jina moja wakingojana.

Siku aliyoingojea Makala ilifika kwenye shule. Komanda alinipa kilima chenye shule ya matofali juu ya mashamba ya kahawa, akaniambia nisiiachie. "Kambale yangu," alisema, na akanipiga bega. Nilijua shule, nilijua hata harufu ya chaki. Nikawaweka watu wangu darasani, kwenye madirisha, kwa sababu kuta zilinipa moyo. Makala alizunguka nje, akaangalia bonde, akarudi. "Ndoyi, hapa njo kaburi. Tutoke tulale kwa mutaro, nyuma ya vyoo." Alisema mbele ya wote. Kama angeniita pembeni, pengine ningemsikiliza. Hivyo nimejiambia mara nyingi, na sina hakika. Nikamjibu kwamba hapa anayetoa amri ni mimi. Akapiga saluti.

Kombora la kwanza lilianguka kwenye kahawa. La pili likaanguka uwanjani, pale watoto walipokuwa wakiimba wimbo wa taifa kabla ya vita, likarusha udongo mpaka ndani. Nilikuwa nimechuchumaa chini ya ubao, phonie mdomoni, nikimwita komanda ili anipe ruhusa, na komanda hajibu. Watu wangu wote walikuwa wamenigeukia. Sijawahi kuona nyuso zenye imani kama zile, hata kanisani. "Chef, tufanye nini?" Mbusa aliuliza. Nikasema, "Tungoje." Makala, kutoka dirishani: "Banapima. Ya tatu itaingia. Ndoyi, toa batu. Sasa!" Hakukuwa na dhihaka tena katika sauti yake. Ilikuwa sauti ya kwenye daraja. Nami niliitambua, na kila mzee wa kikosi aliitambua, na nikaona mmoja akianza kuinuka kumfuata. Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, lililozaliwa na la kwanza. Nilijua Makala anasema kweli. Lakini tukitoka kwa neno lake, watajua wote ni nani aliyekuwa Kambale. Nikapiga kelele, "Hakuna mutu anatoka! Tungoje!" Yule aliyeinuka akaketi. Walinitii kwa sababu ya daraja.

Kombora la tatu liliingia kwenye paa. Nilipofungua macho kulikuwa na mbingu mahali pa mabati, na mguu wangu wa kushoto ulikuwa umegeuka upande usio wake. Makala hakungoja tena. Nilimsikia akiwaita walio hai, mmoja mmoja, kwa matusi yaleyale, akiwapitisha tundu la ukuta kuelekea mtaroni. Kisha akaja kwangu, akanitupa begani. Alinuka moshi kama siku zote. "Usifikiri nakupenda," akasema akihema. "Uishi, mubwa weye. Uishi nayo." Alinibwaga mtaroni, kati ya wenzangu. Ndani ya darasa mtu aliita. Sauti ya Mbusa ilikuwa nyembamba, lakini ilifika wazi: "Kambale! Kambale!" Alikuwa akiniita mimi. Alikuwa hajawahi kumwita Makala kwa jina lile hata siku moja. Nilikuwa na mikono miwili mizima, na kutoka mtaroni mpaka ukutani hapakuwa mbali. Mtu angeweza kutambaa. Makala alinitazama, akangoja. Nadhani aliningoja kweli. Halafu akatema mate, akarudi ndani. Kombora jingine likaanguka, ukuta ukalala, na hakuna tena aliyeita.

Ripoti ya komanda ilisema kwamba Kambale, ingawa mguu umevunjika, alikitoa kikosi chake chini ya moto. Mguu waliukata Beni, juu ya goti. Nilipoweza kutumia magongo nilikwenda Butembo. Mama Masika alinikuta mlangoni, akauona mguu usiokuwapo, akanikumbatia pamoja na magongo yangu. "Weye pia, mwanangu. Najua ulifanya yote. Wasingya." Kwa Kinande chetu hiyo ni asante. Akaniketisha, akanipakulia, nikala. Kavira alisimama kwenye mlango wa jiko, kitambaa mkononi. "Alikuita?" akaniuliza. Nikasema hapana, alikufa palepale, hakuumia. Akatikisa kichwa polepole, akaenda kuleta maji ya kunawa. Mwaka uliofuata mama yake alinipa kwa maneno ya wazi ruhusa ya kumposa, nami nikasema mtu mlemavu hafai. Akaolewa na mwalimu wa Lubero. Kalunguta, kwao Makala, sikwenda. Hakuna aliyetumwa kule; katika ripoti Kambale alikuwa hai, na ndugu zake Makala, nilivyosikia kwa wauza makala, waliamini alitoroka jeshini akaoa upande wa Uganda.

Naandika basi kwa maneno machache, ili asije kijana mwingine na mikrofoni. Hatua ile ya Beni ilimtoa Mbusa ghalani ikampeleka darasani alikofia. Ilimuua Makala, mtu jasiri kuliko wote niliowaona, nikiwa nimemwacha bila jina. Ilinichukua mguu wa kushoto. Sikumwoa Kavira, na sikuoa mwingine. Sina mtoto, na ninaishi peke yangu.